Ncha Mbili za Leso

Kwa Wajaluo, mkwe hamfungi mama mkwe wake kamba za viatu. Wazee waliotunga miiko hawakuitaja kamba ya kiatu, maana wao walitembea pekupeku, lakini Walter hakuhitaji kuambiwa. Kama huruhusiwi kumshika mkono mama aliyekuzalia mke, mguu utaugusa kwa ruhusa ya nani? Basi Jumapili ile sokoni Kibuye alisimama kando, macho kwenye rundo la mitumba kama mtu anayetafuta shati, huku mama mkwe wake, Perez, amekaa juu ya gunia la nguo, mguu mmoja mtupu na mwingine umezama ndani ya buti la kahawia.

"Linabana?" Walter aliuliza, akiyauliza yale mashati.

"Mwambie halibani," Perez alimwambia Zeituni.

"Halibani," Zeituni akasema. "Na huyu si kiziwi, Mama Tom. Amekusikia."

Zeituni alikuwa muuza mahamri, jirani ya Walter kule Kondele. Perez alilala kwake, kwa sababu mama mkwe halali chini ya paa la mkwe, hata kama binti yake yumo humo ndani na chai iko mekoni. Alikuwa ametoka kwake Pap Onditi na kikapu kimoja, akasema amekuja kujifunza kupanda. Zeituni hakuuliza mengi. Alimtandikia kitanda karibu na dirisha.

"Mama anaenda jeshini?" muuza viatu aliuliza. Jina lake Hassan, na hakuwa mtu mbaya, ila mdomo wake ulikuwa mwepesi.

"Anaenda kupanda maporomoko ya maji," Zeituni alijibu. "Kule mbuga ya taifa, milimani, mbele ya Kitale."

Hassan alicheka mpaka akashika meza. "Huko wanaenda wazungu, mama. Wana miguu ya kazi hiyo."

"Na huu wangu nimeutumia miaka sitini," Perez akasema, "na sijaurudisha dukani."

Waliokuwa karibu wakacheka, safari hii pamoja naye, na Hassan akapunguza bei bila kuombwa. Lakini kamba zilibaki zikining'inia. Perez alikuwa mtu wa kandambili na akala maisha yake yote. Zeituni naye, alipoinama kumsaidia, alifunga fundo lile analofungia mifuko ya unga, na hatua ya pili tu likafunguka. Hassan alikuwa ameshageukia wateja wengine.

Ndipo Walter alipochuchumaa palepale alipokuwa. Akafungua kamba ya kiatu chake mwenyewe. Akaanza kuifunga upya, polepole, akiivuta kila ncha juu kabisa ili ionekane, kisha akatengeneza kitanzi, akakizungusha, akangoja. Perez alimtazama kwa pembe ya jicho. Akainama, akafanya vilevile. Walter akafungua, akarudia. Watu walipita katikati yao na vikapu vya nyanya, na hakuna aliyejua kwamba pale kulikuwa na darasa.

*

Shemeji yake Perez, Amolo, ndugu wa marehemu mumewe, alifika Kondele siku ya Jumanne akiwa na koti lake la misiba. Alimkuta Perez kwenye benchi la Zeituni, hatua chache kutoka pale Walter alipotengenezea baiskeli.

"Habari yako, Mama Dorca."

Perez hakuitika mara moja. Tangu Tom afe, watu wa kwao walikuwa wameacha kumwita Mama Tom. Hawakukubaliana popote, ila mmoja alianza na wengine wakafuata, wote kwa huruma, wakiona jina lile litamchoma. Sasa walimwita kwa jina la binti yake. Hawakujua kwamba kila walipomhurumia hivyo, yeye alisikia jembe likichimba. Zeituni peke yake ndiye aliyeendelea kumwita Mama Tom, na huenda ndiyo sababu kitanda cha karibu na dirisha kilimpa usingizi.

"Nimesikia unanunua mabuti," Amolo alisema. "Nyumbani wanacheka, nyar Kano, binti wa Kano. Wanasema umechanganyikiwa."

"Wewe unasemaje?"

"Nasema hiyo kazi ilishafanywa."

Kazi yenyewe ni hii. Tom alikuwa askari wa mbuga. Katika mvua za masika alikwenda kukagua njia ya juu, jiwe likamtupa, maji ya maporomoko yakamchukua, na wenzake walitafuta mpaka wakaona kofia tu. Mtu aliyekufa hivyo haachwi huko. Ndugu yake huenda mpaka mahali penyewe, akamwita kwa jina, akamwambia, twende nyumbani, kisha akarudi naye kimyakimya bila kugeuka nyuma. Ukoo ulimtuma Amolo. Amolo alienda, akarudi, akasema amemleta, watu wakala wakatawanyika. Halafu akaja Waliaula, Mbukusu aliyekuwa akifanya kazi na Tom, kuleta sanduku la nguo zake. Alipokuwa anakunywa uji akasema, bila ubaya wowote, kwamba mzee alijitahidi, njia ilimshinda, lakini aliita kwa nguvu sana kutoka getini.

Kutoka getini hadi kwenye maporomoko ni mwendo wa asubuhi nzima.

"Aliyekufa hasikii kwa masikio," Amolo alisema sasa. "Karibu na mbali kwake ni sawasawa."

"Huyo mtoto nilikuwa nikimwita kutoka jikoni, yeye yuko kitandani, hasikii," Perez akasema. "Leo uniambie alikusikia kutoka getini?"

Walter alikuwa amepindua baiskeli, anazungusha gurudumu ambalo halikuwa na kasoro yoyote. Amolo akakaa kwenye benchi. Alipokaa ndipo ikaonekana jinsi alivyozeeka mwaka ule. Aliona haya, na mtu mzima akiona haya husema kwa ukali.

"Sikiliza. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunazika yago. Nimeshalitafuta, tunda zuri, refu kama mtoto mchanga. Tutalifunga sanda, tutaliweka kaburini kama wazee walivyofanya kwa watu waliopotea ziwani. Mambo yaishe. Huyo Dorca karibu anajifungua, na nyumba haiwezi kukaa na mtu aliye nusu njia."

"Mimi sikuzaa yago," Perez alisema.

Hakusema kwa sauti kubwa. Zeituni aliacha kukanda.

"Sikuzaa tunda, Amolo. Nilizaa mtu, alikuwa na uzito wake, na meno yake ya mbele yaliachana. Nitaenda nimwite mimi. Nikishindwa, zika unachotaka, sitafungua mdomo tena. Nikimleta, hilo tunda lako utalitupa."

Amolo alitazama mabuti yaliyokuwa chini ya benchi. "Utaenda na nani? Wanaume wa ukoo hawatarudia kazi ambayo mzee wao amesema imekwisha."

Gurudumu liliacha kuzunguka.

"Na mimi," Walter alisema.

Amolo akamtazama, kisha akamtazama Perez, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu, kwa huzuni. "Mkwe na maro, mama mkwe wake, kwenye jabali. Mtashikana na nini?"

*

Kisumu ni tambarare. Mtu akitaka kupanda kitu, sharti aende Riat, kwenye vilima vya mawe juu ya barabara ya Kakamega. Walikwenda huko asubuhi na mapema kabla Walter hajafungua kazi, yeye mbele, Perez nyuma, kwa adabu ya kuacha nafasi. Wanawake wanaoponda kokoto walikuwa wameshaanza, nyundo zinalia, na waliwapigia kelele za utani kwamba huko juu hakuna samaki.

Siku za kwanza Perez alipanda vizuri. Alikuwa mwanamke wa shamba na mgongo wake ulijua kubeba. Lakini wiki iliyofuata Walter akatafuta mahali pagumu, kwa sababu Waliaula alikuwa ametuma neno kwamba kipande cha mwisho ni mwamba mtupu. Atawaongoza yeye, lakini mbuga ina nyati, na mikono yake miwili ni ya bunduki. Basi wakajaribu jabali moja lililosimama. Walter akapita. Perez akafika katikati, goti la kushoto likakataa. Hakuweza kwenda juu, hakuweza kurudi chini. Mguu ulianza kutetemeka, kitambaa cha kichwa kikaanguka, na mvi zake zikawa wazi mbele ya mkwe.

Walter aliinama. Mkono wake ulitoka wenyewe, ukaenda mpaka karibu na mkono wa Perez, ukasimama hapo. Kisha ukarudi. Akauweka mfukoni, kama mtu anayeficha kitu cha wizi. Perez aliuona ukija na aliuona ukirudi.

Aliyemshusha ni mponda kokoto mmoja, mwanamke mnene mwenye vumbi mpaka kwenye kope, aliyekuja na kumkumbatia kiunoni akamteremsha mithili ya gunia la mahindi.

"Na huyu kijana wako ana moyo gani?" mwanamke alifoka. "Mama yako anaanguka, unamtazama tu?"

"Si kijana wangu," Perez alisema, anatafuta kitambaa chake. "Ni mkwe."

"Aa. Nisamehe, ndugu yangu," mwanamke akamwambia Walter, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko matusi.

Siku hiyo Walter hakula. Mkewe, Dorca, tumbo limeshafika kwenye meza kabla yake, alimwekea samaki akamwondolea samaki.

"Si kosa lako," alisema.

"Najua si kosa langu. Nimekaa hapa najua si kosa langu, na bado nataka kuukata huu mkono." Alikuwa yatima wa mama tangu utotoni, huyu Walter, alilelewa na shangazi huko Seme. Hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo, wala siku ile hakulisema. "Tutafanya nini, Dorca? Kamba?"

Dorca alimpelekea mama yake swali kwa jirani, akarudi haraka na jibu.

"Amesema hatavutwa kwa kamba kama ng'ombe wa mnada."

*

Zeituni ndiye aliyetoka na leso. Ilikuwa leso ya zamani, nyekundu na nyeusi, imefuliwa mpaka imekuwa laini, lakini uzi wake ulikuwa mzima. Maandishi yake bado yalisomeka: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliisokota, akampa Perez ncha moja, nyingine akamtupia Walter.

"Haya. Kuna mwiko wa leso?"

Perez na Walter wakatazamana, jambo ambalo nalo hawakulizoea.

"Haupo ninaoujua," Perez alisema.

"Basi vuteni. Mimi ningewasindikiza, wallahi, lakini mimi na vitu virefu hatupatani. Hata kitandani napanda kwa bismillahi."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na ngazi za zege za ghorofa ambalo mwenyewe aliishiwa, zinaenda juu halafu hakuna kitu. Walifanyia mazoezi hapo kila jioni kabla ya giza, Walter mbele, Perez nyuma, leso katikati, na nusu ya Kondele imekaa kwenye ukuta kutazama. Watu walisema mengi. Wengine waliuliza kama ni arusi. Wawili wale waliendelea kupanda. Walipatana kwamba mvuto mmoja maana yake simama, miwili maana yake twende.

Ajabu ni kwamba nguo husema. Kwa ile leso Walter alijua goti lilipoanza kuuma kabla Perez hajasimama. Alijua siku ambazo hakuwa amelala vizuri, kwa sababu ncha ile ilikuja nzito. Naye Perez alijua kwamba kijana huyu, ambaye kwa miaka yote ya ndoa alikuwa kwake ni kofia iliyovuliwa na macho yaliyoangalia chini, alikuwa mpole kuliko alivyodhani. Hakuvuta ghafla hata siku moja.

Jioni moja alikanyaga vibaya, akasema, "Walter, taratibu."

Walter alisimama juu ya ngazi. Hakuwahi kulisikia jina lake mdomoni mwa mama huyu. Siku zote lilipitia kwa Dorca, au kwa Zeituni, au halikupita kabisa.

"Nimesikia, Mama," alisema, na akawa anaenda taratibu mno mpaka Zeituni akawaambia kwa mwendo huo watafika huko Krismasi.

Siku moja kabla ya safari, Dorca alikuja kwa Zeituni akakaa kitandani karibu na mama yake. Walikuwa wanafunga chakula, nyoyo, mahindi na maharagwe, iliyokaushwa kidogo na omena za kukaanga.

"Mama, nikimzaa mvulana nataka nimpe jina la Tom."

"Usimpe."

"Kwa nini? Wote wanapewa majina ya—"

"Kwa sababu yuko njiani bado. Huwezi kumpa mtoto jina la mtu ambaye hajafika nyumbani. Atakuwa mtoto wa kulia tu." Perez alifunga mfuko, akaufungua, akaufunga tena. "Naogopa, nyathina, mwanangu. Nitakudanganya ili iweje? Naogopa kwamba nitafika pale mguu ukatae, niyasikie maji yake yanalia juu, na mimi niko chini kama Amolo. Na kumbe Amolo ninamtukana bure."

Dorca alichukua mkono wa mama yake akauweka juu ya tumbo. Mtoto alikuwa anageuka. Wakakaa hivyo mpaka Zeituni akaita chakula.

*

Getini kwenye mbuga, karani alimtazama Perez juu chini, akamwuliza Walter, kana kwamba mama hayupo, kama bibi huyu ana akili timamu. Waliaula akatoka ndani, bunduki begani, akasema, "Huyu ni mama yake Tom," na karani akasimama, akavua kofia, akafungua. Hakutaka malipo. Perez alimshukuru mara mbili, kwa sababu hakuwa amejiandaa kuheshimiwa.

Baridi ya huko ilikuwa ya kuuma meno. Walipanda kupitia mianzi, halafu miti mikubwa yenye ndevu, Waliaula mbele anasikiliza nyati, Walter nyuma yake, kisha leso, kisha Perez. Alitembea ameinama kama leso ilivyoagiza. Njia ilipanda ikapanda tena. Goti liliuma, akalizoea, likauma kwa namna nyingine. Walipumzika mara nyingi na hakuna aliyemharakisha. Jua lilipokuwa juu, walisikia maji, kwanza kama mvua ya mbali kwenye mabati, halafu ardhi yenyewe ikawa inanguruma chini ya buti.

Penye kona ya mwisho Waliaula alisimama.

"Hapo mbele ni kwenu," alisema. "Njia inapanda mwamba huu, ukifika juu unaona. Aliangukia pale. Mimi nitangoja hapa, si haki mgeni asikie."

Mwamba ulikuwa umelowa. Mvuke wa maporomoko uliushukia bila kukoma, na nyasi zake zilikuwa laini kama nywele za mtoto. Walter alitangulia, akatafuta pa kukanyaga, akaketi, akavuta mara mbili. Perez akaja. Tena. Akaja. Walikuwa wamebakiza kidogo tu, kimo cha mtu hivi, na Perez alikuwa ameshaanza kuliandaa lile jina kinywani, maana alitaka litoke vizuri, wazi, jinsi alivyokuwa akimwita kula.

Leso iliyolowa haishikiki. Hilo hawakulijua, kule Kondele walifanya mazoezi kwenye ukavu. Goti likakataa, mguu ukateleza, uzito wote ukaenda kwenye ile nguo, na nguo ikapita katikati ya vidole vyake kama samaki.

"Tom!"

Alipiga kelele ile bila kufikiri. Mama akianguka huita mwanawe.

"An ka, Mama. Niko hapa."

Mkono ulimkamata kifundo cha mkono. Mkono mtupu, wenye magamba ya kazi, ulimshika ukamganda, na mwingine ukaja ukamshika kwapani, na Perez akajikuta amelala kifudifudi juu ya mwamba, uso kwenye bega la mkwe wake, wote wawili wanahema.

Maji yalikuwa mbele yao, meupe, marefu, yanaanguka mahali pasipoonekana.

Walter ndiye aliyeelewa kwanza. Alijitazama mikono, akawa wa majivu. Alikuwa amemshika maro. Na zaidi ya hapo, jina lililosubiriwa tangu masika, jina lililobebwa kutoka Pap Onditi ili liitwe mahali hapa, lilikuwa limeitwa, na aliyeliitikia ni yeye.

"Mama, nisamehe. Ni mimi niliyeitika. Sikufikiri. Nimeharibu. Mwite tena, mimi nitanyamaza, nitaziba masikio, mwite tena."

Alitaka kuuachia mkono. Perez hakuuachia. Alikuwa anayatazama maji, na machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, yanachanganyika na mvuke hata hayakujulikana.

"Ulisikia nilivyomwita," alisema.

"Nilisikia, Mama."

"Siku zote hizi nimekuwa naogopa kitu kimoja. Kwamba nitaita, halafu kimya." Alipangusa uso kwa mkono mwingine. "Nimemwita mara moja, na nimeitikiwa. Mtu haitwi mara mbili kama amekuja. Chota udongo, twende nyumbani."

Walichota udongo wa pale alipoteleza Tom, konzi moja, wakaufunga kwenye pindo la leso. Kwa hiyo leso sasa ilikuwa na mzigo wake, isingeweza tena kuwa kamba. Perez aliifunga kifuani kama anayembeba mtoto mbele, akanyoosha mkono. Walter aliutazama muda mfupi tu. Akaushika. Kuanzia hapo hawakusema wala hawakugeuka nyuma, na Waliaula, alipowaona wanavyokuja, alitangulia bila kuuliza.

*

Ilikuwa Jumamosi yenyewe walipofika Pap Onditi, na siku ya soko. Waliposhuka barabarani, Walter alilegeza mkono. Huku ni nyumbani, kuna macho. Perez akaukaza. Hakuweza kueleza kwa maneno, kwa sababu atembeaye na mtu kama yule hasemi mpaka afike, basi alimwambia kwa namna waliyoizoea: alivuta mara mbili.

Wakapita katikati ya soko, mkwe na mama mkwe, mkono kwa mkono mchana kweupe. Wauza mihogo waliacha kupima. Mwanamke mmoja alimgeuza mtoto wake asitazame. Mzee aliyeketi mbele ya duka la sukari alitema mate pembeni, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mji umewaharibu watu. Masikio ya Walter yaliwaka moto. Perez alitembea ameinua kichwa, mabuti yana tope la milimani, leso kifuani.

Nyumbani kaburi lilikuwa limechimbwa. Yago lilikuwa limelazwa juu ya mkeka, limevikwa shuka jeupe, na ukoo umekaa kulizunguka, umechoka kungoja. Dorca alikuwa kwenye kiti kivulini, Zeituni kando yake. Amolo alikuja kwenye lango na fimbo.

"Walter," alianza, na uso wake ulikuwa umeiva kwa hasira, "hii ni aibu gani unayoniletea—"

Alikuwa ameona buti. Ameona goti lililopasuka, damu imekauka mpaka kwenye kifundo. Ameona leso ilivyofungwa, na pindo lake lilivyojaa, na jinsi Perez alivyouzuia ule udongo kwa kiganja. Akakumbuka swali alilouliza Kondele, kwamba mtashikana na nini.

"Umefika?" alimwuliza. "Umefika mpaka juu?"

Perez hakusema. Aliinua ule mkono ulioshika mkono wa Walter, akamwonyesha.

Amolo akavua kofia, akasogea kando ya lango, akamtazama Walter lakini macho yake yalipita kidogo, kama mtu anayesalimu wawili.

"Karibu nyumbani, Tom," alisema. "Nisamehe, mwanangu. Miguu yangu ilinishinda." Kisha akageuka. "Pita, Mama Tom. Pita ndani, umechoka."

Vilio vilivyolia hapo vilikuwa vile vilivyopaswa kulia tangu masika. Amolo mwenyewe alilichukua yago na shuka lake, akalibeba mpaka nyuma ya boma, akalitupa, na aliporudi akaomba jembe apunguze kaburi, maana udongo wa konzi moja hauhitaji shimo la mtu mzima.

Mlangoni mwa nyumba yake Perez aliuachia mkono wa Walter. Aliuachia polepole, na hakuushika tena mpaka alipokufa, kwa sababu mila ni mila na yeye alikuwa mtu wa adabu. Akaketi kwenye kizingiti avue mabuti. Lakini kamba zilikuwa zimelowa zikakauka, fundo limekuwa jiwe, na yeye alifundishwa kufunga tu. Kufungua alifanyiwa na Zeituni. Vidole vyake vilihangaika.

Walter alikuwa ameshasogea mbali, mahali pa mkwe, chini ya ukingo wa paa. Alimwona. Akachuchumaa palepale alipokuwa, akaanza kufungua kamba ya kiatu chake, polepole, akiiinua kila ncha juu ili ionekane.